Gari la Mkunga Lilivyonikataa

Kwanza viatu. Hukupanda gari la Mkunga na viatu miguuni, kama ambavyo hukuingia navyo sebuleni kwake. Ulifungua mlango, ukakaa upandeupande miguu ikiwa nje, ukavua, ukapangusa nyayo, ndipo ukageuka ndani. Yeye mwenyewe aliendesha pekupeku, vidole vya mguu vikiishika pedeli ya mafuta kama vya mkwezi wa minazi. Mgeni akiuliza kwa nini, alijibiwa, "Kwani kwenu mkeka mnaukanyaga na viatu?" Mkeka wenyewe haukuwepo. Palikuwa na zulia lililokwisha rangi zamani, na chini ya zulia bati, na mahali fulani chini ya bati ungeweza kuiona Barabara ya Kilwa ikipita.

Nimemfahamu miaka mingi na sijawahi kumsikia mtu wa Mtoni akimwita kwa jina lake. Alikuwa Mkunga. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake, na hakusita kuwakumbusha. Kijana akijifanya mbabe mbele ya wenzake kijiweni, Mkunga alisimamisha gari, akamtazama juu ya miwani aliyoifunga kwa kamba ya kiatu, akasema taratibu, "Wewe ulikuja makalio mbele. Naona hujabadilika." Kijiwe kizima kiliangua kicheko, na mbabe mwenyewe akacheka zaidi, maana ungefanya nini?

Gari lilikuwa la Kiingereza, la michezo, dogo, la kijani, la watu wawili. Paa lake la turubai lilikuwa limechanika, na mvua ikinyesha alilifunga kwa kanga mbili zilizounganishwa. Watoto waliliita Beseni. Kuhusu namna alivyolipata zilikuwapo habari nyingi: kwamba aliachiwa na daktari wa kigeni aliyerudi kwao kwa haraka, kwamba ni zawadi ya tajiri aliyepata mtoto wa kiume baada ya kukata tamaa, kwamba alishinda bahati nasibu. Mimi nilikuwa chuo kikuu wakati huo na nilikuwa sikubali habari isiyo na ushahidi, kwa hiyo nilimwuliza mwenyewe.

"Nililikuta barabarani linalia," alisema, "nikalichukua."

"Mkunga, nauliza kweli."

"Kadi ya gari inasema la nani?"

"Lako."

"Basi umeshajua zaidi ya wote."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bandari inatapika magari ya Kijapani yaliyotumika, na kila aliyekuwa na duka la kanga au mashine ya kusaga alikuwa akitafuta moja. Majirani walimshauri aliuze Beseni kabla halijamfia mikononi, anunue saluni nyeupe yenye redio na kiyoyozi. Aliwasikiliza kwa adabu zote. Halafu alisema, "Zile zinajiendesha zenyewe. Mie nitakuwa nafanya nini humo ndani?"

Alikuwa amestaafu hospitali lakini lugha ya wodini haikumtoka. Gari likigoma kuwaka asubuhi, alisema njia haijafunguka, tusubiri. Likiwaka na kuzima, alisema ni uchungu wa uongo. Alikuwa na kile kipaza cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, na nilimwona kwa macho yangu akikiweka juu ya giaboksi, sikio upande wa pili, mkono hewani kutunyamazisha, huku injini ikiguruma. Fundi Saidi, mtu wa Masasi aliyekuwa na gereji ya miti na makuti karibu na mto, alisimama pembeni kwa heshima kama muuguzi mdogo. "Ipo," Mkunga alisema akiinuka. "Inapiga vizuri."

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika gari lile ni ovadraivu. Wasomaji wenye magari ya siku hizi hawaijui, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Ni gia ya ziada iliyofungwa nyuma ya giaboksi, nayo haiwekwi kwa mkono. Ukiwa kwenye gia ya mwisho unabonyeza kitufe kwenye dashibodi, umeme unakwenda kwenye kisumaku, kisumaku kinavuta kijiti, na injini inashusha sauti ghafla huku mwendo ukibaki uleule. Gari linakuwa jepesi. Mkunga hakuiita ovadraivu. Aliiita pumzi. Tukishaipita Mbagala, barabara ikianza kunyooka kuelekea Kongowe, alibonyeza kitufe na kusema, "Haya. Pumua." Na gari lilipumua.

Lakini si kila mara, na hapo ndipo penye habari yangu.

Pumzi ile ilikuja na kukataa bila sababu iliyojulikana. Ilifanya kazi akipanda Mama Sikujua, muuza samaki wa kukaanga, mwenye mwili wake wa kutosha. Ilikataa akipanda mumewe. Ilimkataa mjumbe wa nyumba kumi kila alipoomba lifti, hata akaacha kuomba. Haikuwahi, hata mara moja, kumkataa mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali. Mtaa ukatoa hukumu: gari lina macho, linamjua mwongo. Watu walianza kukataa lifti kwa kuogopa matokeo. Nilimkuta mwenye duka moja akitembea kwenda Mtongani juani huku Beseni likipita tupu, na nilipomwuliza alisema anapenda mazoezi.

Mimi nilikuwa nachekea mambo hayo mpaka yaliponihusu.

Nilikuwa nimepanga chumba Mabibo, na nilikuwa navuka mji mzima kwenda Mtoni kwa sababu ya Rehema, mjukuu wake, aliyelelewa naye na wakati huo akisomea uhazili. Siku ya kwanza kupelekwa kumwona bibi, nilitoa shikamoo, akaitika, akanitazama.

"Rehema anasema hukubaligi kitu mpaka ukione."

"Ndiyo, Mkunga."

"Na upepo je?"

"Nauona kwenye kanga yako."

Akachukua funguo ukutani. "Njoo tukatembee. Viatu vua, weka hapo ubavuni."

Ubavuni maana yake pembeni ya lile tuta katikati ya gari ambalo ndani yake hukaa giaboksi. Nilikuwa na mabuti ya mtumba, ya ngozi, soli nene kama tofali, ambayo niliamini yananifanya nionekane mtu wa fikra. Niliyasukumiza pale. Tukaipita Mbagala, akabonyeza kitufe, akaliambia lipumue, na gari halikupumua. Injini iliendelea kulia kwa sauti ya juu mpaka Kongowe na kurudi. Rehema alitusubiri mlangoni, na kwa namna bibi yake alivyoteremka bila kuimba, alijua.

"Limemkataa?"

"Mie sijasema kitu," alisema Mkunga, akaingia ndani.

Nilipomtuma mjomba kupeleka posa, kama taratibu zinavyotaka, alirudi jioni akiwa na uso wa mtu aliyelishwa vizuri na kufukuzwa kistaarabu.

"Amesemaje?"

"Hana neno na wewe. Anakusifu, hata. Anasema mliulize gari."

"Gari?"

"Ndivyo alivyosema. Akaniongezea kahawa na visheti."

Rehema alikasirika, lakini si kwa kiasi nilichotaka. Alinieleza kwamba kabla yangu walikuwa wamekuja wengine. Mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, alipokataliwa alitoa ahadi ya kumnunulia Mkunga saluni ya Kijapani. Mwingine alishuka akalipiga gurudumu teke. Wote wawili hawakurudi. "Na bibi hataki niolewe na mtu ambaye gari haijampenda," alisema. "Najua ni upuuzi. Lakini ni bibi."

Basi nilikuwa na mchumba, posa na mjomba aliye tayari, na kilichosimama kati yangu na ndoa ni kisumaku cha Kiingereza. Nilikwenda kwa Fundi Saidi.

"Mie gari hii naijua ndani nje," alisema akiwa chini ya gari lingine, ikionekana miguu tu. "Mafuta ya giaboksi nimejaza. Chujio nimeosha. Kisumaku nimebadilisha. Iko sawa."

"Sasa mbona inakataa?"

"Inakukataa wewe. Hiyo siyo ishu ya gereji, braza."

Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Mkunga hakupinga, na hilo lilinishangaza. Alikuwa tayari kunizungusha wakati wowote, na kila tulipotoka alipenda kujua leo natafuta nini.

Nilianza na uzito. Tulipakia gunia la mchele kwenye kiti changu, mimi nikabaki nyumbani na Rehema, ambayo nayo haikuwa hasara. Mkunga alirudi akiimba. Gunia lilikubaliwa. Habari hiyo ilifika kijiweni kabla sijamaliza chai, na kwa muda mrefu baadaye vijana walinisalimia kwa kuuliza habari za mke mwenzangu, gunia.

Nikajaribu joto. Tulitoka asubuhi mapema, injini ikiwa baridi: likakataa. Tukatoka mchana wa jua kali: likakataa. Nikafikiri labda ni kona, labda mafuta yanakimbilia upande mmoja. Tukazunguka kona zote za Temeke, za kulia na za kushoto, Mkunga akizikata kwa furaha ya msichana, mpaka mtu mmoja mwenye mkokoteni wa maji akasimama akatuuliza kama tumepotea.

"Tunatafuta pumzi," Mkunga alimjibu.

Katika safari hizo ndipo nilipomjua. Mimi ni mtu ninayemchosha mwenzangu kwa maswali, na yeye hakuchoka. Nilimwuliza kama amewahi kuogopa kazini. Akasema kila mara, na kwamba mkunga asiyeogopa apewe kazi ya kuuza nyanya. Nilimwuliza kama huwadanganya akina mama ili kuwatuliza. Hapo alinikatia jicho. "Mwongo hawezi kazi yangu. Mama akiniuliza, 'Bado sana?' kama bado sana, namwambia bado sana. Ananitukana. Lakini nikimwambia sukuma, anajua ni kweli, anasukuma." Kuhusu ukweli alikuwa mkali kweli. Nilimwona akirudisha maandazi kwa jirani kwa sababu jirani alisema ya leo nayo yalikuwa ya jana.

Lakini huyohuyo aliyekuwa anashika damu na maji ya uzazi bila kukunja uso alikuwa anaogopa kuku. Kuku akiingia uani alipanda juu ya kiti na kumwita Rehema. Na huyohuyo aliyesema televisheni ni ugonjwa wa macho, zilipoingia mtaani alikuwa akienda kwa Mama Sikujua kila jioni kurudisha sahani, na sahani zile hazikuisha kurudishwa mpaka tamthilia iishe. Nilimwuliza kuhusu hilo pia. Akasema sahani ni amana.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya mvua. Nilifika Mtoni nikiwa na tope mpaka magotini, mabuti yangu yakiwa hayatambulikani. Mkunga alitoka barazani akaninyooshea kidole kabla sijakanyaga ngazi. "Hayo yaache hapohapo. Hata garini hayaingii leo." Niliyaacha barazani, nikanawa miguu kwenye ndoo, nikapanda mikono mitupu. Rehema alijibana nyuma ya viti, mahali ambapo hapakukusudiwa binadamu, kwa kuwa alikuwa anakwenda Mbagala kwa shangazi yake.

Tuliipita Mbagala bila kumshusha, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa tupu inang'aa. Mkunga akabonyeza kitufe.

"Haya. Pumua."

Na likapumua. Sauti ya injini ilishuka kama mtu aliyeweka mzigo chini. Rehema alinishika mabega kwa nyuma, akanitikisa, akapiga vigelegele vilivyowafanya watu wa kituoni wageuke. Mkunga alitazama mbele, lakini mashavu yake yalikuwa yamepanda.

Ningenyamaza hapo, ningeoa mwezi uleule. Mjomba alinieleza hivyo mara nyingi. Lakini tuliporudi Mtoni sikuweza kushuka.

"Mbona leo?" nilisema.

"Limekukubali," alisema Rehema. "Sasa unataka nini tena?"

"Mimi ni yuleyule wa wiki iliyopita. Kama limenikubali leo, kuna kilichobadilika."

"Moyo wako umebadilika. Shuka."

"Moyo wangu haujabadilika tangu nikuone."

"Usinitanie na posa yangu," alisema, na sasa alikuwa amekasirika kwa kiasi kamili. "Bibi, mwambie ashuke."

Mkunga alikuwa amezima injini na kukunja mikono, akanitazama kwa namna ileile aliyokuwa akilitazama giaboksi wakati wa kusikiliza.

Nilishuka, nikaenda barazani, nikayaosha mabuti yangu kwenye ndoo, nikarudi nayo. Nikamwomba Mkunga afungue swichi bila kuwasha injini, aweke gia ya mwisho, abonyeze kitufe. Kutoka chini ya gari ukasikika mlio mdogo: tak. Kisumaku kimevuta. Nikayasukumiza mabuti ubavuni kama siku zote. Tak. Kisumaku kimeachia. Nikayavuta: tak. Nikayarudisha: tak. Rehema, ambaye alikuwa amenipa mgongo, aligeuka.

Nililala kifudifudi garini, kichwa mahali pa miguu na miguu ikiwa mtaani, nikainua zulia. Waya mmoja mwembamba ulipita pale pembeni ya tuta. Ulikuwa na kiungo kilichosokotwa tu kwa mkono, mpira wake umelika. Kitu kizito kikiegemea zulia, kiungo kilifunguka. Kikiondolewa, kilijirudi. Hakukuwa na macho wala hukumu.

"Ni viatu," nilisema kichwa kikiwa chini ya zulia. "Wanaoweka viatu hapa ndio wanaokataliwa."

Vijana wa kijiwe walikuwa wameshakusanyika kutazama miguu yangu. Mmoja wao alisema, "Kwa hiyo mjumbe siyo mwongo?" na mwingine akamjibu kwamba hilo ni suala jingine, halihusiani na waya.

Fundi Saidi alileta tepu nyeusi. Niliukaza waya, nikafunga kiungo, nikakibana mbali na zulia. Nilipoinuka, niliogopa kidogo. Nilikuwa nimeshinda, lakini nilikuwa nimelivua gari la bibi wa watu heshima yake yote mbele ya mtaa, na posa yangu ilikuwa mikononi mwake.

Mkunga alibonyeza kitufe. Tak. Akakirudisha. Akanitazama nikiwa na vumbi la zulia kwenye nyusi.

"Mwambie mjomba wako aje Ijumaa," alisema. "Na asile nyumbani kwanza."

Tulioana. Gari liliendelea. Watu waliendelea vilevile kusema lina macho, maana ukweli wa waya haukuwapendeza, na mimi nikaacha kubishana nao, jambo ambalo Rehema anasema ndilo muujiza pekee aliouona katika habari yote.

Mara ya mwisho kutoka naye barabarani, mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumwingia, na alikuwa amenikabidhi funguo bila sherehe, kwa kuzitundika shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Aliketi kiti cha abiria, pekupeku, ndala zake nyekundu zikiwa zimelala karibu na mlango. Mbagala ilikuwa imekua, maduka yamefika mpaka ukingoni mwa lami, na ilituchukua muda kuipita. Kisha barabara ikafunguka. Nikabonyeza kitufe. Gari likapumua.

Tulikwenda hivyo kidogo, upepo ukipeperusha kanga yake. Ghafla injini ikapandisha sauti. Pumzi imekatika. Nilibonyeza tena, hakuna kitu.

"Tepu imeachia," nilisema.

"Tepu gani?"

"Ile niliyofunga mimi. Kwenye waya."

"Ile niliibandua Ijumaa ileile, mjomba wako alipokuwa anakula."

Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameusogeza mguu, na ndala zake nyekundu zilikuwa zimesimama wima ubavuni mwa tuta, zimebanwa na kisigino chake.

Nilikumbuka sasa, niliyoyaona na niliyosimuliwa. Mama Sikujua aliambiwa aweke ndala nyuma ya kiti. Akina mama wenye uchungu, Mkunga aliwashikia viatu mwenyewe. Mjumbe aliambiwa ubavuni. Mfanyabiashara wa Kariakoo, ubavuni. Mimi, ubavuni.

"Mkunga. Si ulisema mwongo hawezi kazi yako?"

"Uongo gani? Nilisema mliulize gari." Alirekebisha miwani yake ambayo haikumsaidia tena. "Wenzako mmoja alilihonga, mmoja alilipiga teke. Wewe ukaliuliza. Ukaliuliza mpaka likachoka. Hata lilipokubali hukuliamini." Akacheka peke yake. "Nikasema huyu siku moja mke wake atakuwa na jambo moyoni, atasema hakuna kitu, na yeye atauliza tena."

Injini ilikuwa inalia kwa sauti ya juu, mwendo umepungua, na kando ya barabara mtu aliyekuwa akipanga nanasi alitupungia.

"Kwa nini umelikata sasa?" nilimwuliza hatimaye.

"Unakimbia sana. Siwezi kuona vizuri, basi angalau nisikie ninapopita."

Tulikwenda polepole. Alitaja sehemu kwa harufu na kwa sauti: hapa wanachoma mkaa, hapa pana mashine ya kusaga, hapa kuna mtoto analia na ana njaa, si mgonjwa. Tulipofika penye mteremko wa Kongowe alizikusanya ndala zake kwa vidole vya mguu, akazivuta taratibu kuelekea mlangoni.

"Haya," alisema. "Pumua."

Sikujua ananiambia mimi au gari. Tulitii wote wawili.